Mama anaanguka akisalimiwa njiani, na magoti yake hayana shida

BARUA

Shikamooni washauri wetu,

Nawaandikia kuhusu mama yangu. Ana miaka 74 na tunaishi naye Mabatini, hapa Mwanza, kwenye nyumba iliyo juu mlimani. Presha anayo kwa zaidi ya miaka 15. Tangu Machi ameanguka mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anateremka ngazi za mawe, kijana wa jirani akampa shikamoo kutoka ng'ambo, na alipofungua mdomo tu kuitikia, akaenda chini. Mara ya pili ilikuwa usiku akienda chooni. Choo chetu kiko nje, hatua kama 20 kutoka mlangoni. Mara ya tatu ilikuwa jikoni. Aligeuka na sufuria ya uji mkononi, mwili ukageuka, miguu ikabaki pale pale.

Mwendo wake umebadilika taratibu kwa kama miaka miwili. Hatua zimekuwa fupi, anaburuta kandambili, na akitaka kuanza safari ni kama miguu imegandishwa sakafuni. Haja ndogo nayo ikimbana haimpi nafasi. Lakini mikono yake mizima kabisa. Anachambua dagaa, anamenya viazi, anatunga uzi kwenye sindano. Kwa sababu hiyo kaka yangu anasema mama anadeka tu. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Mimi kila akitembea namfuata nyuma nikimwambia, "Mama nyanyua miguu, nyanyua miguu!" na naona kama ndiyo kwanza inagoma.

Tulipiga picha ya magoti, tukaambiwa yako kama ya mtu wa umri wake. Mwezi uliopita akapigwa CT skani ya kichwa. Jibu linasema ana mabadiliko kwenye sehemu nyeupe ya ubongo yanayotokana na mishipa midogo ya damu, hakuna damu iliyovujia. Foleni ilikuwa ndefu, tukaambiwa "ni presha na umri," tukarudi nyumbani.

Dawa alizonazo ni amlodipini ya 10 na dawa ya kukojoza, hii anaimeza jioni. Ila zote mbili anameza siku kichwa kikimgonga. Usiku anameza amitriptilini ya 25 ili apate usingizi, na Piriton akiwashwa mwili.

Kaka anataka kununua kiti cha magurudumu na kumzuia mama asitoke tena. Je, ubongo unahusikaje na miguu? Atapona? Na tumzuie kutembea au tusimzuie?

Binti wa Mabatini

MAJIBU

Marahaba, binti yetu. Mpe mama pole. Na kabla ya yote mwambie kaka yako: mama hadeki. Mikono mizima na miguu mizito kwa pamoja ndiyo sura yenyewe ya tatizo hili, na sababu yake iko kwenye ramani ya ubongo.

Nje ya ubongo kuna tabaka la kijivu lenye seli zinazofikiri na kutoa amri. Chini ya tabaka hilo ndiyo kuna sehemu nyeupe, na weupe wake ni mafuta yaliyozizunguka nyuzi ndefu zinazobeba amri, kama plastiki inavyouzunguka waya wa umeme. Mafuta hayo yanaifanya amri ifike haraka. Nyuzi za miguu zinaanzia juu kabisa, katikati ya kichwa, kisha zinashuka zikipita kando ya vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo. Nyuzi za mikono na za uso zinapita pembeni zaidi. Sasa, eneo hilo la kando ya vyumba vya maji linalishwa na mishipa ya damu myembamba sana, inayotoka mbali, na ambayo haina mshipa wa jirani wa kuiokoa ikiziba. Mnaokaa mlimani mnalijua jambo hili kwa maji ya bomba: nyumba ya juu kabisa ndiyo hupata maji mwisho, na bomba likishika kutu kidogo tu, huko juu ndiko kunakokauka kwanza. Presha ikikaa juu miaka na miaka inazifanya kuta za mishipa hiyo kuwa nene na ngumu, tundu linabana, na nyuzi zinazoitegemea zinaanza kuharibika. Kwenye CT skani sehemu hizo huonekana zimefifia na kuwa nyeusi kidogo. Kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonekana kama madoa meupe yanayong'aa. Hayo ndiyo mabadiliko mliyoandikiwa.

Kwa hiyo amri ya "nyanyua mguu" inatoka, ila inafika imechelewa na imepungua. Pia zimeguswa nyuzi zinazoiunganisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga kuanza, kugeuka na kusimama, na ambayo pia inakituliza kibofu. Hapo utaona kwa nini miguu inaganda mwanzoni, kwa nini jikoni mwili uligeuka ukaiacha miguu, na kwa nini mkojo haumsubiri. Mambo matatu mliyoyaona kama shida tatu yana mzizi mmoja.

Sasa ile shikamoo ya kwenye ngazi. Wewe na mimi tunatembea kwa mazoea, akili iko kwingine. Mama yako anatembea kwa kufikiri. Kila hatua inachukua umakini wake, na umakini huo hautoshi kazi mbili. Akisalimiwa, unahamia kwa aliyemsalimia, na miguu inabaki bila msimamizi. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliripoti jaribio dogo sana kuhusu hili. Waliwachukua wazee 58 wa kwenye makazi ya wazee, wakawa wanatembea nao na kuanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama ndipo wakajibu. Ndani ya miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kusimama kwao kulionyesha kwamba kutembea kumeshakuwa kazi ya kichwa. Mama yako amefika hapo, ila yeye hasimami, kwa sababu kwetu salamu haicheleweshwi, na mtu mzima akipewa shikamoo anaitikia papo hapo.

Basi hiyo iwe kanuni ya kwanza ya nyumba, na haina gharama. Pita kwa majirani mmoja mmoja uwaambie: mkimwona mama yuko kwenye ngazi, msubirini afike chini ndipo mumsalimie. Watoto waambiwe hivyo hivyo. Na mama mwenyewe afundishwe mpangilio huu mpaka umkae: akiitwa, asimame kwanza, ashike ukuta au bomba la kushikia, nyayo zote mbili zikae chini, ndipo aitikie "marahaba" na kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, amalize zote. Mazungumzo yakiisha, aanze tena kutembea. Anayemsindikiza naye anyamaze wakati wa kutembea. Simu ikilia asiitafute akiwa njiani. Na asiitwe kutoka nyuma, maana atageuza kichwa, na kichwa kitauvuta mwili.

Ile "nyanyua miguu, nyanyua miguu" yako, tunajua inatoka moyoni, lakini inamwongezea kazi ileile iliyomshinda. Badala yake, kabla hajaondoka mwambie mara moja, "Mama, hatua ndefu," kisha mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, aondoke kwenye tatu. Miguu ikigoma, asimame wima, ahamishie uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayepima mzigo, ndipo apige hatua. Wengine wanasaidiwa na mstari wa chaki sakafuni wa kuuvuka. Chora michache kwenye korido, mmoja kila sentimita 40 hivi, uone kama utamsaidia. Kugeuka ni kwa duara, kama lori linavyogeuza barabarani, hatua nne au tano, wala si kuzungukia kisigino kimoja. Na jikoni asibebe kitu cha moto huku anatembea. Sufuria isukumwe juu ya meza au ibebwe na mwingine.

Shangazi msimkemee. Anaona mtu anaanguka mahali pasipo na jiwe wala shimo, na anatafuta sababu kama ninyi nyote. Mwonyesheni picha ya CT. Mwelezeni kwamba huko Ulaya watu 639 wa miaka 65 hadi 84 walipigwa picha za ubongo na kufuatiliwa miaka kadhaa katika utafiti ulioitwa LADIS, na waliokuwa na mabadiliko makubwa ya sehemu nyeupe ndio waliotembea polepole zaidi na kuyumba zaidi. Na kuanguka kulihusiana hasa na madoa ya kando ya vyumba vya maji na ya sehemu ya mbele. Ni ugonjwa wa mishipa. Unawapata watu wa kila kabila na kila nchi, na madoa machache wanayo wengi waliovuka miaka 60 hata kama wanatembea vizuri.

Umeuliza kama atapona. Tukuambie kweli: nyuzi zilizoharibika kwa kawaida hazirudi zilivyokuwa. Lakini kuanguka hakuletwi na madoa peke yake. Kunaletwa na madoa pamoja na mapaja yaliyolegea, dawa za usingizi, presha inayoshuka ghafla, giza, kandambili na ngazi mbovu. Hivi vyote vinaweza kubadilishwa, na tumewaona wagonjwa wenye picha mbaya kuliko hiyo wakitembea salama.

Tuanze na presha, na hapa tunakuomba usome taratibu. Kumeza dawa siku kichwa kinapogonga ni sawa na kutokumeza kabisa, tena pengine ni hatari zaidi, kwa sababu presha inapanda na kushuka kama mawimbi na mishipa midogo ndiyo inayopigwa. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kichwa si kipimo chake. Dawa ni kila siku, saa ileile. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha watu walioshushiwa namba ya juu ya presha chini ya 120 na walioishia chini ya 140. Katika takriban miaka 4, madoa ya kundi la kwanza yaliongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92, na ya kundi la pili kwa 1.45. Kwa hiyo madoa yanaweza kucheleweshwa. Lakini msikimbilie 120 nyumbani kwa akili yenu. Mzee anayeanguka lazima kwanza apimwe akiwa amesimama.

Kipimo hicho mnaweza kukifanya wenyewe kwa mashine ya presha ya kufunga mkononi juu ya kiwiko (ya kifundo cha mkono mara nyingi hudanganya). Asubuhi, mama alale chali dakika 5 bila kuongea. Pima, andika. Asimame, mmoja wenu akae naye karibu. Pima baada ya dakika 1, pima tena dakika ya 3, huku mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaanguka akisimama, na huenda ndiyo iliyomwangusha usiku ule. Fanyeni hivyo siku tatu tofauti, siku moja iwe saa mbili hivi baada ya kumeza dawa. Daftari hilo ndilo mtakaloenda nalo kliniki. Litamwambia daktari mambo ambayo picha ya CT haiwezi kumwambia.

Kwenye dawa zake kuna mbili zinazotutia wasiwasi. Amitriptilini inashusha presha ya kusimama, inaleta usingizi mzito na inaziba akili kidogo kwa wazee. Piriton nayo inalewesha na inaongeza uzito uleule. Mtu mwenye nyuzi dhaifu akiamka saa nane usiku na dawa hizo mbili mwilini, anatembea nusu amelala. Msiiache amitriptilini ghafla. Mwombeni daktari aipunguze hatua kwa hatua au atafute njia nyingine ya usingizi. Dawa ya kukojoza ihamishiwe asubuhi, daktari akikubali, maana kuimeza jioni ni kumwamsha wewe mwenyewe aende chooni gizani. Na asipewe aspirini kwa sababu tu ya madoa haya. Anayeanguka kila mara anaweza kuvuja damu, na aspirini ina mahali pake ambapo daktari ndiye anayepajua.

Chumvi: kama mnakula kayabo (samaki wa chumvi) mara kwa mara, punguzeni, rudini kwenye sato au dagaa ambaye hajatiwa chumvi. Kama kuna anayevuta sigara ndani, avutie mbali.

Choo cha usiku ndicho kitakachomvunja nyonga msipokishughulikia. Hatua 20 nje, gizani, mkojo umembana, ametoka kulala: hakuna mzee mwenye hali hii anayeimudu safari hiyo kila siku. Usiku asitoke. Wekeni kando ya kitanda kiti cha mbao kizito chenye mikono, fundi seremala atoboe kikalio, chini yake ikae ndoo yenye mfuniko. Urefu wa kikalio uwe sentimita 45 hivi, nyayo zake zifike chini vizuri. Kiti cha plastiki msikitumie, kinateleza na miguu yake inapanuka. Tochi ndogo ya sola au taa ya kuchaji iwashwe usiku kucha chini, usawa wa sakafu, siyo juu machoni.

Na mwangalie chandarua. Watu wanafikiria ngazi na kusahau chandarua. Upindo wake ukilala sakafuni, mzee anayeburuta miguu anautia kidole gumba, na ukimshika wakati mwili umeshaanza kwenda mbele, hana nafasi ya kupiga hatua ya pili ya kujiokoa. Kichomekeeni chini ya godoro upande wa ukutani na miguuni. Upande anaoshukia kikunjwe na kufungwa kwa kamba kabla hajashuka, au kikatwe na kupindwa kiishie juu ya sakafu kwa kiganja kimoja. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, apige nyayo juu chini mara 20 ili damu ipande, ndipo asimame, na akisimama ahesabu mpaka kumi kabla ya hatua ya kwanza.

Choo cha mchana kiwekwe bomba la chuma la inchi moja, kwa sababu kiganja cha mzee kinalizunguka vizuri. La inchi mbili halishikiki. Liache nafasi ya sentimita 4 hivi kutoka ukutani ili vidole vipite na kiwiko kisizame. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma au za udongo msipigilie misumari. Fundi apitishe bolti mpaka upande wa pili na kuweka kibati na nati nyuma. Kabla mama hajalitumia, mwanamume mzima alivute kwa uzito wake wote. Bomba linalong'oka ni baya kuliko kutokuwa na bomba.

Ngazi za mawe mnazijua wenyewe. Kinachoangusha zaidi ya mwinuko ni kutofautiana: moja ina sentimita 12, inayofuata 22, na mguu unaoburuta unakosea palipobadilika. Mkipata mfuko wa saruji, zilinganisheni kwanza zile mbili tatu mbaya kuliko zote. Pigeni mstari wa rangi nyeupe, upana wa sentimita 5, kwenye ukingo wa kila ngazi. Wekeni bomba la kushikia lililo juu ya ngazi kwa kimo cha sentimita 90 hivi, na lianze kabla ya ngazi ya kwanza, lisianzie katikati. Wakati wa masika ule ukoga wa kijani kwenye mawe usuguliwe kwa brashi ngumu kila wiki. Kandambili ziishie bafuni. Anahitaji kiatu kinachofunga kisigino, soli nyembamba na ngumu yenye meno. Soli nene laini inamnyima habari za ardhi anayoikanyaga. Kitenge kifungwe juu ya kifundo cha mguu.

Sasa kaka na kiti cha magurudumu. Kaka ana hofu, na hofu yake ni halali. Lakini mzee akikalishwa, mapaja yanalegea ndani ya wiki chache, na siku atakapolazimika kusimama ataanguka vibaya zaidi. Hiyo pesa mpelekeeni fundi wa mabomba ya kushikia. Kwa safari ndefu sawa, kiti kinafaa, hata cha kuazima. Nyumbani atembee.

Mazoezi ni siku 3 kwa wiki, dakika 30, mtu akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. La msingi ni kuinuka kitini: kiti kigumu kimeegemezwa ukutani, nyayo zivutwe nyuma ya magoti, kifua kiende mbele, ainuke, akae taratibu akihesabu mpaka tatu. Aanze mara 5, apumzike, mara 5 tena. Akifika 10 bila kutumia mikono, mtaona tofauti kwenye choo na kwenye ngazi. Kisha ashike dirisha au meza nzito: ainuke kwa vidole mara 10, apeleke mguu pembeni mara 10 kila upande, atembee kiubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Mwisho asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, mikono ikiwa karibu na meza. Siku nyingine mbili za wiki atembee mahali tambarare, bila mazungumzo. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mazoezi hapo hapo.

Fimbo anaweza kuihitaji, lakini mtaalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya Bugando au Sekou Toure amwone kwanza, kwa sababu wengine wenye mwendo huu wanaiburuta fimbo kama mzigo wa tatu. Akipewa, akisimama na viatu vyake kichwa cha fimbo kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, na chini kuwe na raba isiyolika. Kigari cha kutembelea chenye magurudumu hakifai kwenye mteremko wenu.

Ili mjue kama mnaendelea, pimeni leo. Kiti chenye mikono, alama mita 3 mbele. Simu iwekwe kwenye saa ya kuhesabu. Mama ainuke, aende mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Zaidi ya sekunde 12 ni dalili ya hatari ya kuanguka. Rudieni baada ya wiki 8, kiti kilekile, viatu vilevile.

Mkirudi hospitali nendeni na kitambulisho chake, mpite dirisha la wazee, na mbebe daftari, dawa zote na picha ya CT. Muulizeni daktari swali hili bila kuona haya: "Vyumba vya maji vya ubongo vimepanuka kupita kiasi cha madoa haya?" Tunasisitiza kwa sababu kuna ugonjwa wa maji kujaa kwenye ubongo unaoleta mwendo huuhuu na mkojo huuhuu, na huo wakati mwingine unatibika kwa kuwekewa mrija. Aombwe pia apime sukari, damu, chumvi za mwilini (dawa ya kukojoza inaweza kuzishusha na kumlegeza mtu) na vitamini B12 ikipatikana. Aguse nyayo kuona kama hisia zipo, na macho yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho. Akiona mikono nayo inakakamaa au inatetemeka, atawaza ugonjwa mwingine.

Akianguka tena, msimnyanyue kwa kumvuta mabega. Akishindwa kusimama, au mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umeangalia nje, huenda nyonga imevunjika: alazwe kwenye ubao au godoro gumu, itafutwe gari, asipandishwe bodaboda. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, ni kiharusi, nendeni saa hiyohiyo. Na kwa kuwa ameshaanguka mara tatu, mkumbuke kwamba kwa mzee damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. CT ya mwezi uliopita ilikuwa safi, lakini haiwezi kusemea anguko la baadaye. Akianza kusinzia mchana, kuumwa kichwa kinachozidi kila siku, kuchanganya majina yenu, au mwendo ukiharibika ndani ya siku chache badala ya miezi, mrudisheni akapigwe picha nyingine, hata kama mara ya mwisho aliinuka mwenyewe akacheka na kusema hakuumia.